Saumu ya Dereva wa Treni

Pemba haina reli. Ina barabara, ina bandari, ina kiwanja cha ndege, lakini treni hata ya kuchezea watoto ni shida kuiona. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ami yangu Msellem Hafidh, mzaliwa wa Wambaa, ameendesha treni maisha yake yote ya kazi, usishangae kusikia kuwa nusu ya jamaa zetu walikuwa hawaamini. Wambaa walikuwa wakisema yuko bara anafanya kazi ya gereji, kaona haya kusema. Mwanawe wa pekee, Zubeir, alipata tabu skuli kwa sababu ya treni hiyo. Alisema darasani kwamba baba yake anaendesha gari refu kuliko mtaa mzima wa Madungu, wenzake wakamwita muongo, na jina la Zubeir Treni likamganda mpaka leo ana mvi.

Naanza na hili la Zubeir kwa sababu sitaki mtu amchukie. Mimi mwenyewe nimemchukia vya kutosha, na nimechoka.

Naitwa Mardhiya. Marehemu baba yangu, Bakar, na Ami Msellem walikuwa tumbo moja. Nashona nguo hapa Madungu, cherehani yangu iko barazani, na nyumba ya Ami iko mlango wa pili kutoka kwangu. Mkewe, Bi Shamima, alifariki kabla Ami hajastaafu, na Zubeir yuko Muskati na familia yake. Kwa hiyo aliporudi, wa kumpikia na wa kumuuliza kaamkaje nilikuwa mimi.

Aliondoka Pemba kijana, akapanda boti Wete kwenda Tanga kutafuta kazi, na kazi ikamvuta mpaka reli ya kati. Alianza kwa kuosha vichwa vya treni karakana. Akapanda akawa utingo, msaidizi wa dereva, na mwisho akakabidhiwa kichwa chake mwenyewe. Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma, ndiyo ikawa njia yake, kwenda na kurudi. Alikuja Pemba kwa likizo, akajenga nyumba ya Madungu chumba baada ya chumba, akamsomesha Zubeir. Alipostaafu alirudi na begi moja, kisukari, na masikio yaliyochoka kwa ngurumo, hata ukizungumza naye sharti upaze sauti.

Si mtu wa kujisifu. Lakini ukimpata na nafasi yake, saa ya alasiri, akija kukaa barazani kwangu na kikombe cha chai isiyo na sukari, alikuwa akinihadithia namna treni ya mzigo inavyopandishwa mlima wa Saranda. Anasema unaisikia mgongoni, kila behewa. Unajua nyuma kuna uzito hata kama huuoni. Na alikuwa akisema treni haisimami unapotaka wewe. Unafunga breki hapa, inasimama kule, na kati ya hapa na kule huna unaloweza kufanya ila kutazama. Nilikuwa namsikiliza huku napiga cherehani, nikidhani ni habari za kazi tu.

Mwaka jana, siku ya Iddi Mosi, watu wamekwishakula wamekwishatembeleana, alikuja akakaa karibu na cherehani.

"Mardhiya, kesho naanza kufunga."

"Sita?" nilimuuliza. Wengi hapa hufunga zile siku sita za suna baada ya Ramadhani, hakuna ajabu.

"Si sita. Miezi miwili mfululizo."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

Akanieleza. Ilikuwa zamani, Zubeir mdogo. Ilikuwa Ramadhani, na yeye anatoka Dodoma na treni ya mzigo kuelekea Tabora, jua linazama. Kule njia ya miguu inapokata reli huwekwa kibao kabla yake, na dereva akikifikia kibao hicho hupiga honi, apende asipende, amwone mtu asimwone. Utingo alikuwa kashika tende. Jua likatua. Ami akageuka, akaipokea tende, akasoma dua yake, akauma. Kibao kikapita bila honi. Alipoinua macho, mwanamke yuko katikati ya reli na mzigo wa kuni kichwani, kanga imefunika masikio kwa sababu ya upepo, wala hakutazama upande wa treni.

"Breki nlifunga," alisema. "Nshakwambia habari ya breki."

Kwenye uchunguzi utingo aliapa kuwa honi ilipigwa. Alifanya hivyo kumsitiri mkubwa wake, na hakuna aliyemtuma. Ami alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema hana. Wakaandika kuwa dereva hana kosa. Aliporudi kule kijijini peke yake, baada ya muda, kumweleza mume wa marehemu ukweli wa honi, yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaenda kwenye ng'ombe wake. Ami alimsubiri mpaka jua likawa kali. Hakurudi.

Kulikuwa na shehe mmoja Tabora. Ami alimwendea akamwambia yote. Shehe akamwambia aliyeua kwa kukosea ana kafara, na kafara yake ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ukikata siku moja kwa kula kwa makusudi, umerudi mwanzo. Na kwa kauli wanayoifuata wengi katika madhehebu yetu, hata ukiugua ukafungua, umerudi mwanzo. Alijaribu akiwa kazini. Mara ya kwanza homa ilimkata. Mara ya pili joto la kwenye kichwa cha treni lilimwangusha, na dereva anayeanguka ni hatari kwa watu wote walio nyuma yake, basi akaacha akangoja kustaafu.

"Na sukari yako?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nataka mtu wa kunipikia daku inayokaa tumboni."

Nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Daktari Safaa, binti mdogo lakini mkali, akamwambia hapana, hata wiki asifunge. Ami akaitikia vizuri, akamshukuru, akarudi nyumbani akafunga. Ningefanyaje? Nilimpikia. Muhogo, maharagwe, mkate wa mofa, samaki wa kuchoma, maji mengi. Kila siku baada ya alasiri nilimtazama mikono kama inatetemeka. Aliniapisha nisimwambie mtu, na zaidi ya wote nisimwambie Zubeir.

"Yule akiniona mie anaona mtu mkubwa," alisema. "Muache aone vino vino, kama aonavyo."

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukaisha. Mtaani wakaanza kumwita mcha Mungu. Kila nikisikia mtu anamsifu kwa funga zake za suna nilikuwa natia uzi kwenye sindano nisiseme neno. Mfunguo Pili nao ukaenda. Alikonda, shati likawa la mtu mwingine, lakini sukari ilikaa, Mungu aliisimamia. Zilibaki siku za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, naye alikuwa keshaanza kucheka. Miaka aliyokaa hapa sikuwa nimemsikia anacheka kwa sauti. Alisema akimaliza atakwenda Wambaa akalale siku mbili kwa jamaa, ale samaki mchana.

Ndipo Zubeir akatua.

Alikuja bila kusema, na kaja na mambo yake yote. Hafla ya kumpongeza mzee, Ijumaa baada ya sala, pale uwanjani mbele ya nyumba. Turubai, viti, biriani masufuria matatu, spika, kitambaa cha video, na mgeni rasmi, mstaafu mmoja wa serikali kutoka Wete. Kaalika Wambaa nzima na wakwe zake. Kaagiza keki kwa Ummkulthum, yule anayeoka keki za harusi, na keki yenyewe ina umbo la treni, kichwa na mabehewa matatu, magurudumu ya biskuti. Mambo ya keki haya yametujia juzi juzi, lakini sasa hata mtu akipata cheti cha chekechea sharti ikatwe na alishwe mdomoni, watu wapige makofi, simu zipige picha.

Nikamwambia, "Zubeir, fanya baada ya magharibi. Baba yako anafunga. Iwe futari, itapendeza zaidi."

"Dada Mardhiya, watu wa Wambaa watarudije usiku? Na mgeni rasmi ana safari. Baba akifunga afunge, atakaa tu na watu. Kula si lazima."

Hapo nikapata pumzi kidogo. Nikaenda kwa Ami, nikamwambia kula si lazima, kakae tu. Akasema sawa. Hakupenda hafla, lakini alimuona mwanawe anavyokimbia huku na huku na kamba za turubai, jasho linamtoka, uso umekuwa wa mtoto.

"Toka yuko skuli anangoja siku hino," alisema Ami.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakakaa chini ya turubai, sisi wanawake ndani ya ua, tukisikia kila kitu kwa spika na kuchungulia mlangoni. Ami alivishwa kanzu mpya na kofia ya vito, akakalishwa mbele kwenye kochi la kukodi. Mshereheshaji alikuwa Usama, kijana wa mtaani kwetu, mdomo mrefu, ukimpa spika umempa ufalme.

Kwanza ikapigwa video. Zubeir alikuwa kaitafuta kwa watu wa bara kwa muda mrefu, treni ya mzigo inapanda mlima, kichwa mbele, mabehewa yanakuja, yanakuja, yanakuja, hayaishi. Wengi walikuwa wanaona kwa mara ya kwanza kitu chenyewe kwa kipimo chake. Nilimuona mzee mmoja wa Wambaa anasimama, anashika fimbo, anasogea mbele ya kitambaa.

"Kumbe kweli!" alisema. "Kumbe kweli, Msellem! Sote sie tulikuwa wajinga."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ami mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti unasogea kidogo kidogo, unafuata treni. Zubeir alisimama nyuma ya kochi, machozi yanamtoka wala hayafuti. Hilo nililiona, na siwezi kulificha, hata mimi nililia.

Kisha Usama akashika spika.

"Waheshimiwa! Mzee wetu kaendesha treni umri wake wote. Milima, mabonde, usiku, mvua! Na katika miaka yote hiyo, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, hajamgusa hata kuku! Cheti anacho, dereva asiye na kosa! Takbir!"

Uwanja mzima ukaitikia. Nilimtazama Ami. Mkono wake ulikuwa umesimama.

Keki ikaletwa. Zubeir akakikata kile kichwa cha treni, akachukua kipande, akapiga magoti mbele ya baba yake. Simu zikanyanyuliwa. Na hapo yule Zubeir aliyeniambia kula si lazima akawa kasahau, au kadhani kipande kidogo si kula, sijui, mpaka leo sijui. Kakinyanyua kile kipande mpaka mdomoni.

Ami akainamisha kichwa, akamwambia kitu kwa sauti ndogo. Zubeir akatabasamu, mkono hakuushusha.

Sikungoja. Nilitoka uani, nikaingia kwa wanaume na buibui langu, watu wakinipisha kwa mshangao, nikafika mbele.

"Zubeir, muache baba yako. Kafunga."

"Bi Mardhiya anasema mzee kafunga!" Usama akayarusha kwenye spika, na watu wakacheka, kicheko cha mapenzi tu, hawana baya.

Shehe Himid, imamu wetu, alikuwa kakaa kiti cha pili. Ni mtu mwema na ana elimu yake. Aliinama mbele akasema kwa upole, "Mzee Msellem, funga ya suna mwenyewe ana hiari nayo. Mwanao katoka mbali. Mfurahishe, na nia yako haipotei kwa Mungu."

Na kwa alichokijua, kasema sawa. Hakuna kitabu kitakachompinga.

Nikafungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu, ningesema "kafara" na kila mzee pale angenyamaza, na wangeanza kujiuliza ya nini. Nikamtazama Ami anipe ruhusa. Alinitazama. Akamtazama Zubeir pale chini, na wakwe wa Zubeir nyuma yake, na yule mzee wa Wambaa ambaye alikuwa bado kasimama kwa furaha. Akatikisa kichwa kidogo sana, kwangu mimi, asione mwingine.

Akafungua mdomo akala.

Watu walipiga makofi. Alitafuna polepole, akameza. Akaomba maji akanywa. Baadaye likaja biriani, akala pamoja na wageni, akamkatia nyama mgeni rasmi kwa mkono wake, akajibu kila aliyemuuliza habari za treni. Mimi nilirudi uani nikakaa jikoni juu ya mbuzi ya nazi, nikamtukana Zubeir, nikamtukana Usama na ukoo wake, nikaitukana keki. Wanawake walidhani nimeudhika kwa sababu wanaume wamenicheka.

Magharibi ilipoadhiniwa nilijikuta nimebeba tende na uji mpaka mlangoni kwa Ami. Mazoea. Nikasimama na trei yangu. Alikuwa peke yake ukumbini, kanzu kaivua, yuko na singlendi.

"Ungesema, Ami. Ungesema tu. Siku chache zile!"

"Umeuona uso wa Zubeir?"

"Nimeuona na wako."

Akachukua trei mkononi mwangu, akaiweka chini, akasema, "Ntaanza tena baada ya Iddi Kubwa. Sasa hivi haifai, Iddi itaikata katikati."

Zubeir aliondoka na picha zake. Alizituma kwa kila mtu, ile ya keki ndiyo ya kwanza. Watu walimwandikia maneno mazuri, na yeye akanitumia mimi pia, dada yake, na nikamwandikia mashaallah. Ningemwandikia nini?

Baada ya Iddi Kubwa na siku zake tatu Ami akaanza upya. Nilimkataza, nikamgombeza, nikasema sipiki daku. Nikapika. Lakini mwili ulikuwa si ule. Zile funga za mwanzo zilikula kila akiba aliyokuwa nayo. Hakufika mbali. Siku moja baada ya adhuhuri niliacha kusikia kikohozi chake cha kila siku, nikaenda, nikamkuta chini mlangoni mwa choo, jasho la baridi, macho hayanijui.

Pale hospitali Daktari Safaa alimshughulikia kwanza mpaka sukari ikapanda. Halafu akaniita pembeni akaniuliza kama namtakia mzee huyu mauti. Akasema figo zimeguswa. Akasema huyu hafungi tena, si mwezi ujao, si Ramadhani, si siku zote za maisha yake, na akiletwa tena kwa hali hii hatamlaza, atampigia simu Zubeir aje kuchukua maiti. Ami alikuwa kitandani akisikia kila neno, maana Safaa anajua masikio yake na alisema kwa sauti.

Zubeir akafika, rangi imempotea. Akakaa kitandani akashika mguu wa baba yake.

"Baba, suna gani hii ya kujiua nayo? Nani kakulazimisha?"

Ami akanitazama mimi. Akasema, "Mwambie."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miezi, makali, ya kumkata. Nilipoanza hayakutoka hayo. Nilimwambia tu ilivyokuwa, tende, kibao, kuni, utingo, yule bwana na ng'ombe wake. Nilipofika kwenye Ijumaa ile, keki, Zubeir alinyanyua mkono nisiendelee. Akatoka nje. Nilimuona dirishani kaegemea ukuta wa hospitali, anapekua simu, na nadhani alikuwa akiifuta ile picha, lakini alikuwa keshaituma dunia nzima.

Jioni alikwenda kwa Shehe Himid, na mimi nikaenda naye, nikakaa ndani na mkewe, pazia ndilo lililotutenga. Zubeir alimweleza yote, kisha akasema, "Shehe, nataka nimfungie mimi. Naanza kesho."

Kwanza Shehe Himid aliuliza kama ni siku ile ya keki. Zubeir akasema ni siku ile. Shehe akasema, "Laa ilaha illa Llah," na mkewe akamsukumia maji kwa chini ya pazia.

Halafu akamweleza. Aliye hai hafungiwi. Mwana hawezi kumfungia baba yake saumu maadamu baba anavuta pumzi, hata baba awe hoi. Na kafara hii haina kulisha masikini badala yake, si kama zile nyingine, ndivyo walivyosema wengi wa wanavyuoni wetu. Asiyeweza kufunga inambakia.

"Mpaka lini?" Zubeir aliuliza.

"Mpaka afe," alisema Shehe Himid. "Akifa, walii wake, mtu wa damu yake kama wewe, anaweza kumfungia. Hapo ndiyo."

Tulirudi kwa miguu. Nilimuonea huruma, na hasira yangu ilikuwa bado ipo, vyote viwili vimekaa pamoja kifuani. Kila sala tangu hapo anamwombea baba yake umri. Na anajua siku anazomwombea ndizo siku ambazo deni halilipiki.

Ami karudi nyumbani sasa. Anakaa ukumbini, anakula mchana kwa amri ya daktari, na anakula kila tonge kwa uchungu, namuona. Jioni moja, kabla Zubeir hajarudi Muskati, tulikuwa sote watatu pale. Ami akamuuliza, "Shehe kasemaje?"

Zubeir akatazama chini.

"Mie najua alivyosema," Ami alimwambia. "Wa Tabora alinambia vivyo hivyo. Sasa nsikilize. Mie nikifa, usianze Mfunguo Pili wala mwanzo wa Mfunguo Tatu. Iddi Kubwa itakukata. Na ikiwa Ramadhani iko karibu, ngoja ipite, ngoja na Iddi yenyewe. Anza siku ya pili yake. Utapata nafasi mpaka Iddi Kubwa, lakini ndogo, usichezee hata siku moja. Daku kula muhogo, usile wali, wali hauweki."

"Ndiyo, baba."

"Joto la Muskati huliwezi. Njoo ufungie hapa, Mardhiya atakupikia."

Mimi nilisema nitapika.

"Na wakikwambia ni suna, ule tu uwafurahishe watu," Ami alisema, "weye sema. Sema hapo hapo, mbele yao, ya nini na ya nani. Mie nliona haya."

Zubeir alilia, kisha akafuta uso kwa kiganja. Akauliza yule mama aliitwa nani. Ami akamwambia jina lake, na la mumewe, na la kijiji, na kile kibao kiko upande gani ukitoka Dodoma. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo. Masikini Zubeir alilirudia mara mbili, na mara ya pili Ami akamsahihisha.